Fransisko wa Assisi: Aliyelisifu Jua Akiwa Hawezi Kulitazama

Kila mwaka tarehe 4 Oktoba Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Wengi wetu tunamfahamu kwa sanamu na picha zake: kanzu ya kahawia, kamba kiunoni, ndege begani. Tunafahamu pia kwamba aliwapenda maskini, na kwamba ndiye aliyeandaa pango la Noeli pale Greccio mwaka 1223. Katika tafakari hii tunapenda kumtazama kwa upande ambao sanamu hizo hazituonyeshi vizuri, yaani Fransisko kama mtu aliyejifunza kushukuru. Tunasema alijifunza, kwa kuwa moyo huo hakuzaliwa nao. Alikulia katika nyumba isiyopungukiwa kitu, na ikamlazimu kutoka humo ndipo aanze kuona alichokuwa amepewa.

Kijana aliyekuwa na kila kitu

Fransisko alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1181 au mwanzoni mwa mwaka 1182 katika mji wa Assisi, mkoa wa Umbria, katikati ya Italia. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyesafiri mpaka Ufaransa kutafuta bidhaa. Mtoto alizaliwa baba akiwa safarini, na mama yake, Pica, akambatiza kwa jina la Yohane. Baba aliporudi, alipenda mwanawe aitwe Francesco, jina lenye maana ya Mfaransa. Ndilo jina lililobaki.

Ujana wake ulikuwa wa shibe. Aliandaa karamu, akazunguka mitaani usiku na marafiki wakiimba, na fedha ya duka la baba yake ikapita mikononi mwake kama maji. Katika mavazi alipenda makuu, hata akashonesha vazi moja lililounganisha kitambaa cha thamani na kitambaa hafifu, ili tu aonekane tofauti na wengine. Wazazi wake walisikitika kwamba aliishi kama mtoto wa mfalme, ila walimpenda na hawakutaka kumsumbua.

Mwaka 1202 Assisi ilipigana vita na mji jirani wa Perugia. Fransisko alikwenda vitani, akatekwa, akakaa gerezani karibu mwaka mzima. Baada ya kurudi nyumbani alishikwa na ugonjwa wa muda mrefu. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache tu baada ya kifo chake, anasimulia jambo dogo lililotokea wakati huo. Fransisko alipoanza kupata nafuu, alitoka nje akitegemea fimbo ili aitazame nchi iliyozunguka mji. Mbele yake kulikuwa na mashamba, mizabibu na uzuri wote wa bonde la Umbria. Hakuna hata kimoja kilichomfurahisha. Yeye mwenyewe alishangaa kuona moyo wake umekuwa hivyo.

Tusilipite jambo hili upesi. Mashamba yalikuwa yale yale, na jua lilikuwa lile lile. Kijana huyu alikuwa na nyumba ya kurudi, mama wa kumuuguza, fedha na marafiki, na afya yake ilikuwa inarejea. Hata hivyo alitazama akaona ukavu. Wahenga wetu walisema kwamba moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Mema hayo hubaki pale pale, na macho ndiyo yanayoacha kuyaona.

Hali hii si ya Assisi peke yake. Tunayo majumbani mwetu. Wengi wetu tunafungua bomba maji yakatoka, nasi tunayatumia mwezi mzima bila kusema neno. Siku yanapokatika tunalalamika kutwa, na yanaporudi jioni hatukumbuki kumshukuru Mungu. Umeme ukizimika saa moja tunasikitika kana kwamba tumeonewa. Chakula kikichelewa mezani tunakunja uso, na homilia ikirefuka tunatazama saa. Ndivyo walivyofanya Waisraeli jangwani walipoichoka mana iliyowaangukia bure kila asubuhi. Zawadi inapokuja kila siku, tunaanza kuiona kama mshahara, na mshahara ukichelewa hata kidogo, mtu hunung'unika.

Uchungu uliogeuka kuwa utamu

Mungu hakumbadilisha Fransisko kwa siku moja. Mwaka 1205 alijaribu tena kwenda vitani, safari hii kusini, ila alipofika Spoleto aliguswa na ndoto, akarudi Assisi bila kujua atafanya nini. Siku moja akiwa amepanda farasi alikutana na mkoma. Wakoma walimtia kinyaa kiasi kwamba alikuwa na desturi ya kuziba pua akipita karibu na makazi yao. Siku hiyo alishuka, akampa mkoma yule fedha, akambusu. Kisha akaanza kukaa kati ya wakoma na kuwahudumia. Katika Wasia aliouacha karibu na kufa, Fransisko anauanza wongofu wake hapo hapo, akishuhudia kwamba kilichokuwa kichungu kwake kiligeuzwa kuwa utamu wa roho na mwili.

Baada ya hapo akasikia mbele ya msalaba wa San Damiano wito wa kulitengeneza Kanisa. Alichukua vitambaa vya duka la baba yake, akaviuza mjini Foligno pamoja na farasi wake, ili akarabati kikanisa hicho kilichokuwa kinabomoka. Padre wa pale aliikataa fedha ile. Pietro alikasirika sana, na shauri likafika mbele ya Askofu mwaka 1206. Askofu alimwambia kijana arudishe kilicho cha baba yake. Fransisko alirudisha fedha, kisha akavua mavazi yake yote, akayaweka chini pamoja na fedha hiyo, akatangaza kwamba tangu siku hiyo Baba yake ni yule wa mbinguni. Askofu akamfunika kwa joho lake.

Tunaposimulia tukio hili tusimhukumu Pietro. Alikuwa mzazi aliyefanya kazi kwa bidii, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Kwa upande wa Fransisko lakini, siku ile iligeuza namna ya kuhesabu. Hakubaki na kitu ambacho angeweza kukiita haki yake. Kila kitu kilichomfikia mkononi baada ya hapo, hata kipande cha mkate, kilifika kama zawadi.

Wala zoezi hilo halikuwa rahisi. Alipoanza kuomba chakula mlango kwa mlango, watu walimtilia makombo ya kila aina katika bakuli moja. Alipoyatazama mara ya kwanza, kijana huyu aliyezoea meza za karamu alipatwa na kichefuchefu. Alijishinda, akala, na akaona kwamba hakuwahi kula chakula kitamu kama kile. Ulimi haukubadilika. Alichokipata kipya ni ujuzi kwamba chakula kile kimetoka kwa Mungu, kupitia mikono ya watu ambao hawakuwa na deni lolote kwake.

Katika masimulizi yaliyohifadhiwa na ndugu zake wa baadaye imo habari ya safari yake na Ndugu Masseo. Walifika mji mmoja wakiwa na njaa, wakagawana mitaa ya kuomba. Masseo alikuwa mrefu na mwenye sura nzuri, akapewa vipande vikubwa vya mkate. Fransisko alikuwa mfupi na asiyevutia, akapata vipande vidogo vilivyokauka. Walikutana nje ya mji penye chemchemi safi na jiwe pana, wakatandaza mikate yao juu ya jiwe. Fransisko alianza kurudia kusema kwamba hawastahili hazina kubwa namna ile. Masseo alishangaa: hapakuwa na kitambaa cha meza, wala kisu, wala sahani, wala nyumba, wala mtumishi. Fransisko akamweleza kwamba hiyo ndiyo hazina yenyewe, maana mkate ule, jiwe lile zuri na maji yale safi havikuandaliwa na mtu, bali na maongozi ya Mungu. Wawili walikuwa mbele ya meza moja. Mmoja alihesabu yaliyokosekana, mwingine akahesabu yaliyokuwepo.

Shukrani iliyogawa

Ndugu waliozidi kujiunga naye walimfanya aende Roma mwaka 1209, ambako Papa Inosenti III aliukubali mtindo wao wa maisha. Katika Kanuni ya mwaka 1221 Fransisko anamsihi ndugu aliye mgonjwa amshukuru Muumba kwa yote, na atamani kuwa vile Bwana anavyotaka awe, mzima au mgonjwa. Karibu na mwisho wa Kanuni hiyo ipo sala ndefu ya shukrani, inayomshukuru Mungu kwanza kwa ajili ya Mungu mwenyewe, kisha kwa uumbaji, kwa Umwilisho, kwa Msalaba na kwa ujio wa Bwana siku ya mwisho.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Neno la shukrani linaweza kutumiwa vibaya. Mwenye shibe anaweza kumwambia mwenye njaa aache kulalamika. Mwajiri anayechelewesha ujira anaweza kumwambia kibarua ashukuru kwamba ana kazi. Fransisko hakutumia neno hilo hivyo. Alipokutana na mtu aliyevaa vibaya kuliko yeye, alimvulia joho lake na kumweleza ndugu aliyefuatana naye kwamba wanalirudisha. Kwa maoni yake joho lile waliazimwa tu mpaka watakapompata mtu anayelihitaji zaidi, na kulizuia kungekuwa wizi.

Ndipo tunapoona tofauti iliyopo kati ya manung'uniko na kilio. Kilio cha mtu aliyeonewa, cha mgonjwa asiye na dawa, cha mjane aliyenyang'anywa shamba, ni sala, na Maandiko Matakatifu yamejaa vilio vya namna hiyo ambavyo Mungu alivisikiliza. Manung'uniko ni jambo jingine, ni sauti ya mtu aliyepewa na akasahau kwamba amepewa. Shukrani inatudai kwanza sisi tulioshiba, wala hatuwezi kumwagiza mwenye njaa ashukuru kabla hatujamgawia.

Wimbo kutoka gizani

Mwaka 1219 Fransisko alikwenda Misri, akakutana na Sultani al-Kamil katikati ya vita vya msalaba. Alirudi akiwa na ugonjwa wa macho uliozidi mwaka hadi mwaka. Septemba 1224, juu ya mlima La Verna, alipokea madonda matakatifu katika mikono, miguu na ubavu. Katika miezi iliyofuata, mwaka 1225, alilazwa San Damiano, mahali pale pale wito wake ulipoanzia, ambapo sasa waliishi Mtakatifu Klara na dada zake. Aliwekwa katika kijumba cha mikeka.

Ndugu zake wameeleza hali yake. Kwa siku zaidi ya hamsini hakuweza kuvumilia mwanga wa jua mchana, wala mwanga wa moto usiku, akakaa gizani muda wote. Macho yalimuuma hata asipate usingizi. Panya walijaa kijumbani, wakamkimbilia mwilini, wakampandia mezani alipokula. Usiku mmoja, wakasema, Fransisko alijihurumia. Alimwomba Bwana amtazame katika udhaifu wake ili aweze kuvumilia. Tunafarijika kuisikia habari hii. Mtakatifu mkubwa hivi alizidiwa, naye hakuficha. Alipeleka kilio chake kwa Mungu, na akapokea moyoni uhakika kwamba mateso yake yatampatia ufalme usiolinganishwa na utajiri wa dunia yote, na kwamba anaweza kufurahi kana kwamba amekwisha kuingia humo.

Asubuhi alipoamka aliketi, akatafakari kidogo, akaanza kutunga Wimbo wa Viumbe. Aliutunga kwa lugha ya watu wa kawaida wa Umbria, na leo wataalamu wanauhesabu kati ya maandiko ya kwanza kabisa ya fasihi ya Kiitaliano. Katika wimbo huo anamsifu Mungu kwa jua, mwezi na nyota, upepo, maji, moto, na dunia yenye kuzaa matunda na maua, akiviita kaka na dada. Anaanza na jua, ambalo hawezi kulitazama. Anautaja moto, ambao mwanga wake unamuumiza.

Tulinganishe siku hizo mbili. Kijana mwenye macho mazima na nyumba ya kitajiri alisimama mbele ya mashamba ya Assisi asione kitu cha kumfurahisha. Miaka ishirini hivi baadaye, mtu aliyekaribia upofu alilala gizani nje ya mji ule ule, akiwa na panya na asiye na mali, akaona kila kitu ni kizuri. Kilichobadilika katikati ni kwamba Fransisko alikuwa amemfahamu Mtoaji.

Shukrani inayopatanisha, inayopokea

Siku hizo Askofu wa Assisi na mkuu wa mji walikuwa wamegombana vikali. Askofu alimtenga mkuu wa mji na Kanisa, naye akapiga marufuku mtu yeyote kuuza kitu kwa Askofu au kununua kwake. Kila mmoja alikuwa na malalamiko yake, na hakuna aliyejitokeza kuwapatanisha. Fransisko, akiwa mgonjwa kitandani, aliongeza katika wimbo wake ubeti wa kumsifu Mungu kwa ajili ya wale wanaosamehe kwa upendo wake. Akaomba wote wawili wakutane katika uwanja wa nyumba ya Askofu, akawatuma ndugu wawaimbie. Mkuu wa mji alisimama akisikiliza huku akilia, kisha akapiga magoti mbele ya Askofu. Askofu alimwinua, akakiri kwamba yeye pia ni mwepesi wa hasira. Wakakumbatiana. Familia na jumuiya zetu ndogo ndogo zina magomvi yanayofanana na hayo. Mara nyingi tunayajibu kwa kurundika hoja, na kumbe wakati mwingine mlango hufunguliwa na sifa.

Baadaye Fransisko alipelekwa Fonte Colombo, katika bonde la Rieti, kutibiwa macho. Mganga wa wakati ule hakuwa na tiba nyingine ila kumchoma kwa chuma cha moto kuanzia sikioni hadi kwenye nyusi. Fransisko aliuzungumzia moto kama ndugu, akauomba uwe mpole kwake. Ndugu waliokuwepo walikimbia kwa kushindwa kutazama. Waliporudi, aliwaambia kwamba hakusikia maumivu. Hata hivyo macho hayakupona.

Mwaka 1226, alipoona mwisho umekaribia, alitamani kumwona Jacopa dei Settesoli, mama mjane wa Roma aliyekuwa rafiki wa ndugu zake, tena alitamani zile keki za lozi na asali alizokuwa akimtengenezea zamani. Mama huyo alifika akiwa amezileta kabla hata barua haijatumwa. Fransisko alionja kidogo tu, kwa kuwa nguvu zilikuwa zimekwisha. Jambo hili dogo linatufundisha kwamba Fransisko hakuvidharau vitu vizuri. Aliacha kuvimiliki, na hakuacha kuvifurahia vilipokuja kama zawadi. Shukrani haitutaki tuone haya kwa sababu tuna chakula, nyumba na nguo. Inatutaka tujue vimetoka kwa nani na tuangalie nani amekosa.

Alipokaribia kufa, Fransisko aliongeza katika wimbo ubeti kuhusu kifo, akikiita dada. Aliomba alazwe uchi juu ya ardhi pale Porziuncola. Ndugu mkuu wa nyumba alimpa kanzu, akimwambia kwamba ameazimwa tu, naye akaipokea kwa furaha. Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Papa Gregori IX alimtangaza Mtakatifu tarehe 16 Julai 1228. Karibu miaka 800 baada ya wimbo ule kutungwa, Baba Mtakatifu Fransisko aliutumia kuupa jina Waraka wake wa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa nyumba ya wote, Laudato si'.

Tufanye nini basi? Sisi Wakatoliki tunaye mwalimu wa shukrani karibu sana, kwa maana neno Ekaristi lenyewe lina maana ya kushukuru. Kila Dominika tunaalikwa kumshukuru Bwana Mungu wetu, nasi tunaitikia kwamba ni vema na haki. Tuliitikie jibu hilo tukiwa na jambo la kutaja moyoni, si kwa mazoea. Tusali kabla ya kula na baada ya kula, wala sala ya pili tusiisahau kwa sababu tumeshiba. Kabla ya kulala tumtajie Mungu mema matatu ya siku kabla ya kumtajia mahitaji. Katika nia za jumuiya, maombi yakifika kumi, na shukrani zisikose. Siku maji yanaporudi bombani, mtu mmoja nyumbani aseme asante kwa sauti, watoto wasikie. Na kila tunaposhukuru kwa kitu, tujiulize ni nani jirani aliye na haki ya kurudishiwa sehemu yake.

Kati ya wakoma kumi waliotakaswa, mmoja tu alirudi kwa Yesu. Fransisko, aliyeanza njia yake kwa kumbusu mkoma, alitumia maisha yake yote kurudi kama yule mmoja. Atuombee nasi tuwe miongoni mwa wanaorudi.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi, utuombee.